Kompyuta Chini ya Kitambaa

Hapo zamani, wala si zamani ya wanyama kusema, ni zamani hii ya juzi tu, umeme ukija siku nne kwa wiki na kamati zikikaa siku zote saba, palikuwa na chama cha wafuga nyuki katika kijiji cha Itundamo. Sogeeni karibu. Ninyi wa nyuma acheni kunong'ona, maana mwishoni nitawauliza swali, na sitaki mtu aniambie kwamba hakusikia.

Chama kile kilikuwa na mizinga mia mbili, kilikuwa na ofisi yenye bati jipya, kilikuwa na mhuri wa duara na mwenyekiti wa kuugonga, aitwaye Mlekwa. Kilichopungua ni kompyuta. Vyama vya vijiji jirani vilikuwa nayo, na kila Mlekwa alipokwenda kwenye mikutano ya wilaya alirudi amenuna. Mwaka ule ofisi moja ya mjini ilibadilisha vyombo vyake, ikakigawia chama kompyuta iliyokwisha kutumika: ile ya mezani, yenye kasha la chuma na kioo kizito cha kubebwa na watu wawili. Ilifika nyuma ya pikapu imeviringishwa shuka la maua. Wanawake waliipigia vigelegele. Mlekwa alitembea mbele yake akifukuza kuku kwa fimbo, utadhani anapokea mkwe.

Mnajua desturi yetu. Kwetu kitu cha thamani hakikai uchi. Redio ina kitambaa, runinga ina kitambaa, hata jagi la maji lina kitambaa chake chenye shanga pembeni. Basi kompyuta nayo ilifumiwa kitambaa cheupe, chenye matundu matundu na maua ya manjano, kipana cha kufunika kasha na kioo kwa pamoja mpaka kwenye miguu ya meza. Kamati ikakaa, ikapitisha azimio, azimio likagongwa mhuri: kitambaa hakitafunuliwa na mtu yeyote mpaka Jumamosi, siku ambayo mgeni rasmi atakuja kuizindua mashine.

Aliyekifuma kitambaa kile ni Kalunde.

Kalunde alikuwa mfagiaji wa ofisi na mpika chai wa kamati. Miaka tisa alikuwa kibarua wa muda. Kila mwaka alimwuliza Mwenyekiti habari ya barua yake ya ajira, na kila mwaka aliambiwa barua inaandaliwa. Nyumba nzima ya ibada ilijengwa pale kijijini ikaisha ikapakwa rangi, barua ya Kalunde bado inaandaliwa. Alikaa na mama yake, Bi Nyamizi, mzee ambaye macho yalikuwa yamefifia, katika chumba cha nyuma ya ofisi, kando ya ghala la asali. Hawakuwa na pengine pa kukaa. Chumba chenyewe walipewa kwa mdomo tu, na Kalunde alijua kwamba siku yoyote mdomo ule ule ungeweza kuwatoa.

Siku ya Jumatatu, kabla kitambaa hakijashushwa, Mlekwa alichomoa flashi mfukoni akaichomeka kwenye tundu la mbele la kasha. Kalunde alikuwa pale na ufagio wake.

"Mwenyekiti, hiyo flashi unaiacha humo?"

"Naiacha. Ndani yake mna risala yangu, kurasa kumi na nne. Iloe humo humo wiki nzima, ili Jumamosi mgeni rasmi akibonyeza tu, itokee yenyewe."

Kuloa! Kama maharage. Sasa Kalunde hakusomea kompyuta, lakini miaka tisa ndiye aliyetumwa mjini kwenye steshenari kuchapisha barua za chama, na flashi ile ile aliifunga kwenye ncha ya khanga. Mara ngapi aliona mashine ya pale steshenari ikigoma kuamka kwa sababu mteja amesahau flashi yake ndani? Yule dada wa steshenari alikuwa akiichomoa, anabonyeza tena, mashine inaamka. Alikuwa akisema, "Inahangaika kutafuta uhai wake kwenye flashi ya watu."

"Mwenyekiti," Kalunde akaanza, "ile mashine ya steshenari, flashi ikiachwa ndani—"

"Kalunde, chai."

Akaenda kupika chai.

Jumanne Mlekwa alishindwa kuvumilia. Aliingiza mkono chini ya kitambaa, akapapasa mpaka akakipata kitufe, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Si taa, si mlio, si mtikisiko. Jasho likamtoka. Kalunde akasogea.

"Mwenyekiti, pengine mngeanza na ile flashi—"

"Kalunde, chai!"

Akaenda kupika chai. Naye Mlekwa akaita kamati ya dharura, akasimama, akatangaza maneno haya, na ninyi yashikeni vizuri: "Mtu yeyote atakayeiamsha mashine hii, huyo ndiye Mtunza Kompyuta wa chama. Barua ya ajira hii hapa, nimekwisha kuiandika na kuigonga mhuri, nimeacha nafasi ya jina tu. Na kwa kuwa mashine yahitaji mlinzi wa karibu, mtunza huyo atahamia chumba cha nyuma."

Kalunde alikuwa mlangoni ameshika sinia la vikombe. Chumba cha nyuma! Kumbe barua inaweza kuandikwa asubuhi moja, wala haihitaji miaka tisa. Kumbe chumba kina mtu na hakuna aliyekumbuka kwamba kina mtu. Moyo ulimwuma. Alitaka kusema, akaliona lile neno "chai" tayari limekaa kwenye midomo ya Mwenyekiti, akaanza kugawa vikombe.

Wa kwanza kuja alikuwa Fundi Sizya, mtengeneza redio. Kibanda chake sokoni kilikuwa kimepigwa alama ya X nyekundu, kinangoja kuvunjwa, kwa hiyo chumba cha nyuma kilimfaa sana. Kamati ilimruhusu kuinua pembe moja ya kitambaa, pembe ya nyuma, shubiri mbili na si zaidi, kwa sababu sehemu ya mbele ni ya mgeni rasmi. Nani ashike pembe? Kalunde ashike. Akashika. Fundi akalala kifudifudi, akaingiza mikono, akafuata waya kama mtu anayetafuta pete kwenye mchanga, akafika kwenye plagi. Akaifungua. Fyuzi imeungua, nyeusi. Akatoka nje, akarudi na fyuzi nyingine, akaitia, akabonyeza.

Feni ikanguruma.

"Imeamka!" Fundi akapiga kelele. Kamati ikapiga makofi. Kalunde alipokwenda kuchemsha maji ya kuwapongeza akakuta birika la umeme limekufa. Fyuzi ilikuwa imetoka kwenye birika lake. Tangu siku ile aliipikia kamati chai kwa mkaa, akipuliza huku machozi yanamtoka, na hakuna aliyeuliza kwa nini chai inanuka moshi.

Lakini mashine haikuwa imeamka. Ilinguruma, kisha ikalia piii, piii, piii, ikatulia, ikalia tena piii, piii, piii. Fundi akasema hivyo ndivyo mashine za mjini zinavyopumua. Kamati ilikubali siku nzima. Siku ya pili Mlekwa akasema hapana, mimi nimewahi kumsikia mbuzi anayekufa.

Wa pili kuja alikuwa Mwalimu Kapela, mstaafu, aliyefundisha sayansi miaka thelathini. Yeye alikuwa amehamia kwa mkwewe tangu astaafu, na kula kila siku kwenye meza ya mume wa bintiye kulikuwa kumemfanya asitazamane na watu. Alikuja na kitabu cha kompyuta alichokisoma mara nne bila kuwahi kugusa kompyuta. Akaketi, akasikiliza, akafunua kurasa, akatangaza, "Milio mitatu mirefu. Mgonjwa amepoteza kumbukumbu."

Kamati ikashika tama.

Aliruhusiwa pembe ya ubavuni, shubiri mbili na si zaidi. Nani ashike pembe? Kalunde ashike. Akashika. Mwalimu akaingiza kichwa na mikono yote miwili chini ya kitambaa kama mpiga picha wa kale, akafungua ubavu wa kasha, akachomoa kadi ndogo ya kumbukumbu. Meno yake ya shaba yalikuwa yamefanya weusi. Akaomba kifutio, kile cha kufutia penseli, akayasugua taratibu hadi yakang'aa, akairudisha kadi mahali pake, akabonyeza. Mlio ukakoma. Na kupitia kwenye matundu ya kitambaa, kwenye maua ya manjano ya Kalunde, ukaonekana mwanga wa kioo.

"Imeamka!" Mwalimu akasema, na sauti yake ikakatika kwa furaha.

Kamati ikapiga makofi. Walitaka kusoma kioo kinasema nini, lakini azimio ni azimio. Wakaizima.

Kalunde pekee, aliyekuwa bado ameshika pembe, ndiye aliyesimama karibu. Kwenye matundu aliona maandishi machache meupe juu ya weusi, yamesimama hayasogei. Aliyajua. Ndiyo yale yale ya steshenari. Mashine imepata moto, imepata kumbukumbu, sasa inahangaika na flashi ya Mwenyekiti. Safari hii hakusema kitu. Alishusha pembe, akainyoosha, akaenda kupuliza mkaa.

Ijumaa kamati ilikaa kikao cha mwisho. Fundi akasema barua ni yake, Mwalimu akasema barua ni yake, wakaambiana maneno ambayo sitayarudia mbele ya watoto. Mlekwa akaamua kwamba jina litaandikwa kesho mbele ya mgeni rasmi, baada ya mashine kuwaka. Kisha wakafika kwenye ajenda ya mwisho, Mengineyo. Hapo Mlekwa alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Labda ni uchovu, labda ni ule moshi. Alitazama chumba chote, akamfikia Kalunde mlangoni, akamtazama machoni.

"Kuna mwenye neno kabla hatujafunga? Hata wewe, Kalunde. Una neno?"

Jamani, miaka tisa! Na leo ndiyo anaulizwa. Kalunde alilihisi lile neno limejaa kinywani. Akafikiri: nikisema sasa, Mwenyekiti ataichomoa flashi yake mwenyewe, atasema "Ahsante, Kalunde, chai," na kesho Fundi au Mwalimu ataingia na godoro lake kwenye chumba cha mama. Nisiposema, kesho itagoma mbele ya kijiji kizima, na kila mwenye macho atamwona aliyeiamsha.

"Sina neno, Mwenyekiti."

Usiku ule hakumficha mama yake. Bi Nyamizi alimsikiliza, kisha akafungasha vyombo vyao vyote kwenye khanga mbili, kwa tahadhari.

Jumamosi mgeni rasmi alitakiwa saa tatu asubuhi, akafika saa saba mchana, ndiyo heshima yenyewe. Watu walikuwa wamejaa uwanjani, meza imetolewa barazani, waya umevutwa dirishani. Mheshimiwa alikata utepe. Akakishika kitambaa kwa vidole viwili, akakifunua, akabonyeza kitufe. Feni ikanguruma. Kioo kikang'aa. Yakatokea maandishi meupe ya Kiingereza, mstari mmoja.

Mheshimiwa akainama, akayatazama, akajikohoza. "Inatusalimu," akasema.

Watu wakapiga makofi. Mwalimu Kapela aliusoma ule mstari, akauelewa, akajua si salamu bali ni malalamiko. Lakini nani amsahihishe mheshimiwa mbele ya umati? Alipiga makofi kuliko wote.

"Sasa," akasema Mlekwa, tai imembana shingo, "risala itatokea yenyewe."

Wakangoja. Risala haikutokea. Na hakuna nakala nyingine, maana kurasa zote kumi na nne zilikuwa zimeloweshwa. Wakangoja. Mama mmoja akapiga chafya. Fundi Sizya akaenda kuipapasa plagi, Mwalimu Kapela akawa anachunguza dari la baraza kama mkaguzi wa majengo, na uso wa Mlekwa ukabadilika rangi mpaka mtu akamhurumia. Mheshimiwa akatazama saa yake.

Ndipo Kalunde alipoweka chupa ya chai chini. Alipita mbele ya kamati yote, akapiga goti kidogo kwa heshima, akaichomoa flashi.

"Samahani, mheshimiwa. Bonyeza tena."

Mheshimiwa akabonyeza. Mashine ikanguruma, maandishi yakapita mbio, kioo kikawa cha buluu, halafu ikafunguka picha kubwa ya harusi ya watu wasiojulikana, masalia ya wenye mashine wa kwanza kule mjini, bwana ana miwani, bibi ana shada. Itundamo nzima ilipiga vigelegele kwa ajili ya maharusi wale.

"Nani ameiamsha?" mheshimiwa akauliza.

Mlekwa akaitoa barua, ina mhuri, ina nafasi tupu. Hapo ndipo kazi ilipoanza.

Fundi Sizya akasimama. "Mimi. Ilikuwa maiti, mheshimiwa, haina hata moto. Bila mimi kumbukumbu ingesafishwa kwenye maiti, flashi ingechomolewa kwenye maiti. Mfufuaji ni yule wa kwanza. Wengine walimwogesha tu."

"Kwa fyuzi ya birika langu," Kalunde akasema taratibu.

"Fyuzi ilikuwa ya birika, lakini akili ilikuwa yangu!"

Mwalimu Kapela akasimama. "Mimi. Yeye alileta ngurumo, na ngurumo hata mashine ya kusaga inazo. Ugonjwa uliokuwa mgumu niliujua mimi, kwa kusoma. Kuchomoa flashi ni kazi ya vidole viwili."

"Mwalimu," Fundi akamkatiza, "uliyasoma yale maandishi au hukuyasoma?"

Mwalimu akatazama chini. "Niliyasoma."

"Na makofi je?"

Wote walijua hakuna mtu pale ambaye hakupiga makofi.

Wakamgeukia Kalunde. Aliongea akiwa ameshika kitambaa chake alichokiokota chini. "Hawa waligusa, wakasema imeamka, ikawa haijaamka. Mimi niligusa, ikaamka. Tangazo lilisema atakayeiamsha. Halikusema atakayekaribia kuiamsha. Na pembe zote mbili nilishika mimi."

Mlekwa akamnyooshea kidole. "Jana nilikuuliza! Nilikutazama machoni, nikakuuliza kama una neno. Ukasema huna. Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukaniacha niaibike mbele ya mheshimiwa na kijiji kizima?"

"Jumatatu nilikuambia, Mwenyekiti, ukaniambia chai. Jumanne nilikuambia, ukaniambia chai. Jana uliponiuliza, chumba chenye mama yangu kilikuwa kimekwisha kutiwa kwenye barua ya mtu mwingine." Akakikunja kitambaa mikononi. "Ndiyo, nilinyamaza. Na ningeulizwa tena ningenyamaza."

"Basi ni mhaini!" akasema Fundi. "Daktari anayeficha dawa mpaka apandishwe cheo, huyo ni daktari?"

"Na wewe, Mwenyekiti," akasema mama mmoja kutoka kwenye umati, "aliyeichomeka hiyo flashi ni nani?" Mlekwa akawa anatafuta leso.

Mheshimiwa akainua mkono. Akasema kesi ni nzito, akasema amefurahi, akasema kwamba kwa haki kabisa aliyebonyeza kitufe mashine ikawaka ni yeye mwenyewe, na hilo lingeweza kuandikwa kwenye kumbukumbu za chama. Kamati ikapiga makofi. Kisha akachukua kalamu mfukoni kwake na barua mezani.

Nyuma ya ofisi, kwenye kivuli cha ghala la asali, Bi Nyamizi alikuwa amekaa juu ya mafurushi mawili. Hakuona kitu, lakini alisikia kila neno, na sasa alikuwa amekaza sikio asikie jina. Barazani Fundi amesimama, Mwalimu amesimama, Kalunde amesimama na kitambaa chake, na kalamu ya mheshimiwa imefika kwenye ile nafasi tupu.

Mimi naishia hapo, kalamu nawaachia ninyi. Msinitazame, tazamaneni. Yuko aliyeipa moto, yuko aliyeirudishia kumbukumbu, yuko aliyeiamsha kwa neno ambalo jana yake aliombwa alitoe akalizuia. Barua ni moja, na chumba ni kimoja. Haya, wewe uliyekaa karibu na mlango, nawe unayecheka, nawe mama unayeshika kidevu: je, mngeandika jina la nani?